Maziwa Mazuri Hayaanzii Kiwandani

Somo kwa wafugaji, wanaushirika na wote wanaokiuzia kiwanda mali yao

Kila siku asubuhi wafugaji wengi hupeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia. Mpokeaji hunusa, hupima, halafu husema, "Haya yanapokelewa," au, "Haya hapana." Mfugaji aliyekataliwa hukasirika. Hurudi nyumbani na chombo chake huku akisema, "Yule ananionea." Labda kweli ameonewa. Labda hakuonewa. Atajuaje?

Katika somo hili tutajifunza mambo manne:

1. Kwa nini kiwanda hukagua mali ya watu wanaokiuzia.
2. Msiba uliotokea China mwaka 2008.
3. Jinsi maziwa yanavyopimwa kituoni.
4. Jinsi ya kukagua toka zizini na kurekebisha kasoro.

Tumechagua maziwa kwa sababu ni rahisi kuyaelewa. Lakini hata wewe unayeuza pamba, kahawa, alizeti au korosho, soma. Mambo ni yale yale.

KIWANDA HAKIWEZI KUTENGENEZA KILA KASORO

Mpishi hodari ukimpa unga wenye mchanga, atasonga ugali wenye mchanga. Ufundi wake hautamsaidia. Kiwanda nacho ni hivyo hivyo. Kiwanda cha maziwa kinaweza kuchemsha, kupoza na kufungasha. Lakini hakiwezi kuyafanya maziwa yaliyochacha yawe mabichi tena. Dawa ya ng'ombe ikishaingia katika maziwa, kiwanda hakiwezi kuichuja. Ubora unatoka zizini, na kiwanda huutunza tu usipotee.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme wafugaji 10 wanaleta lita 20 kila mmoja. Maziwa yote yanamiminwa katika tangi moja. Hizo ni lita 200. Wafugaji 9 wameleta maziwa safi. Mmoja ameleta yaliyochacha, na mpokeaji hakupima. Je, zimeharibika lita ngapi? Wengine watajibu lita 20. Sivyo. Zimeharibika lita zote 200. Kama bei ni shilingi 1,000 kwa lita, zimepotea shilingi 200,000. Mtu mmoja amemwaga jasho la watu tisa.

Kwa hiyo mtu wa kwanza anayelindwa na ukaguzi ni mfugaji mwema, yule aliyeamka alfajiri akaosha vyombo vyake. Bila ukaguzi, yeye na mzembe wanakuwa sawa.

MSIBA WA CHINA, MWAKA 2008

Katika mji wa Shijiazhuang, nchini China, kulikuwa na kampuni kubwa ya maziwa iliyoitwa Sanlu. Ilitengeneza maziwa ya unga ya watoto wachanga. Maziwa mengi yalitoka kwa wafugaji wadogo wenye ng'ombe wachache. Wafugaji wale wengi hawakuuza moja kwa moja kiwandani. Waliuza kwenye vituo vya watu wa kati. Watu wale waliyachanganya maziwa ya watu wengi, kisha wakayauza kiwandani.

Baadhi ya watu wale wa kati walitia maji ili lita ziongezeke. Lakini maji yakizidi, protini hupungua. Protini ni sehemu ya chakula inayojenga mwili. Kiwandani walipima protini, na maziwa yenye protini kidogo yangekataliwa.

Sasa sikia ujanja uliotumika. Kipimo kile hakikuona protini yenyewe. Kilihesabu naitrojeni, kitu kimoja kilichomo ndani ya protini. Ikionekana naitrojeni nyingi, kipimo husema protini ni nyingi. Wadanganyifu wakatafuta kitu kingine chenye naitrojeni nyingi. Wakapata melamini. Ndiyo, melamini ile ile inayotumika kutengenezea sahani ngumu tunazozijua. Theluthi mbili hivi ya uzito wake ni naitrojeni. Melamini si chakula hata kidogo. Wakaitia katika maziwa. Kipimo kikasema, "Protini inatosha." Mlango wa kiwanda ukafunguliwa.

Watoto wachanga wakanywa. Melamini ikafanya mawe katika figo zao. Mkojo ukaziba. Watoto karibu 300,000 waliugua, na zaidi ya 50,000 walilazwa hospitali. Serikali ya China ilitangaza kwamba watoto 6 walikufa.

Kampuni ya Sanlu ilikuwa imeanza kupata malalamiko ya wazazi mwishoni mwa mwaka 2007. Lakini wananchi walitangaziwa hatari ile mwezi Septemba 2008. Miezi yote ile, akina mama waliendelea kununua na kunywesha. Serikali ilipopima maziwa ya unga ya watoto, ilikuta melamini katika bidhaa za kampuni 22.

Sanlu ilifilisika. Mwezi Januari 2009 mkuu wake alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwezi Novemba 2009 watu wawili waliuawa kwa hukumu ya mahakama, mmoja kwa kutengeneza na kuuza unga wenye melamini, mwingine kwa kuutia katika maziwa na kuyauza. Na wafugaji ambao hawakutia kitu? Nao waliumia. Watu waliogopa maziwa, na wengine wakamwaga maziwa yao kwa kukosa mnunuzi.

TUNAJIFUNZA NINI HAPO?

Kwanza: Kipimo kimoja kinaweza kudanganywa. Watu wakishajua unapima nini, mwenye nia mbaya atatengeneza namba unayoitaka.

Pili: Kusimama mlangoni hakutoshi. Kiwanda kilipima maziwa yaliyofika, lakini hakikujua vizuri yalipita mikononi mwa nani. Maziwa ya watu mia yakishachanganywa bila daftari, huwezi kumjua aliyeharibu.

Tatu: Malalamiko ya mnunuzi ni kipimo pia. Mzazi anayesema "mwanangu anaumwa" amekagua mali kuliko mtambo wowote. Ukimnyamazisha, umejiziba macho.

VIPIMO VYA KITUONI

Ni vizuri kila mfugaji avijue, maana anayejua hadanganywi wala hadanganyi.

1. Macho na pua. Mpokeaji hufunua chombo na kunusa mara moja. Huangalia rangi, uchafu, nywele na damu. Kipimo hiki hakina gharama, na mpokeaji mzoefu hugundua mengi.

2. Spiriti maalumu. Mpokeaji huchukua maziwa kidogo na spiriti kiasi hicho hicho, huvichanganya na kutikisa. Yakifanya vipande vipande, ni dalili kwamba yameanza kuchacha. Maziwa ya dang'a, yaani ya ng'ombe aliyezaa siku chache tu, na ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele nayo huweza kufanya vipande.

3. Laktomita. Hiki ni kioo kinachoelea katika maziwa. Maziwa ni mazito kuliko maji. Lita moja ya maji ina gramu 1,000 hivi. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina gramu 1,030 hivi. Laktomita huonyesha zile namba za mwisho. Ikisoma 30, maana yake lita moja ina gramu 1,030. Kwa kawaida maziwa halisi husoma kati ya 26 na 32.

Tuone maji yanavyoonekana. Chukua lita 9 za maziwa yanayosoma 30:

9 x 1,030 = gramu 9,270
Ongeza lita 1 ya maji = gramu 1,000
Jumla, lita 10 = gramu 10,270
Kwa lita moja = gramu 1,027

Laktomita sasa inasoma 27. Umeona? Maji yameingia, lakini 27 bado iko kati ya 26 na 32. Ukiangalia leo tu, utamwachia mdanganyifu apite. Lakini kama daftari linaonyesha kwamba maziwa ya nyumba hii husoma 30 kila siku, na leo yamesoma 27, hapo utauliza, "Kuna nini leo?" Ndiyo faida ya daftari. Tena, mtu akienguа malai ya juu, namba hupanda. Akitia maji baadaye, namba hurudi. Kwa hiyo laktomita peke yake haitoshi.

Na mfugaji naye ajue jambo moja. Laktomita ya kawaida imetengenezwa kusomwa maziwa yakiwa na joto la nyuzi 20. Maziwa yenye joto zaidi husoma pungufu. Kwa kila nyuzi moja iliyozidi 20, huongezwa 0.2. Maziwa yenye joto la nyuzi 30 yakisoma 25, ongeza 2, yanakuwa 27. Bila kupima joto, mtu angekataliwa bure. Basi usiogope kuuliza, "Ndugu, umepima joto?"

4. Dawa. Ng'ombe akichomwa sindano ya kuua vijidudu, dawa hutoka katika maziwa kwa siku kadhaa. Si rahisi kuiona wala kuinusa. Maziwa hayo yakitiwa katika mtindi, mtindi unaweza kukataa kuganda, kwa sababu dawa imeua vijidudu vizuri vinavyogandisha. Kisha dawa hiyo huingia kwa mnywaji. Hapa kinga ni ukweli wa mfugaji mwenyewe na daftari lake.

TWENDE ZIZINI

Vipimo vya kituoni vinasema maziwa yameharibika. Havisemi yameharibikia wapi. Ndiyo maana mkaguzi mzuri huondoka kituoni akaenda nyumbani kwa mfugaji. Haendi kumvizia mwizi. Anakwenda kuangalia kazi inavyofanyika.

Mkaguzi aangalie mambo haya:

1. Mkamuaji ananawa mikono kwa sabuni kabla ya kukamua?
2. Kiwele kinaoshwa na kukaushwa kwa kitambaa safi?
3. Maziwa ya kwanza ya kila chuchu yanakamuliwa pembeni na kuangaliwa kama yana mabonge?
4. Chombo ni cha aina gani? Chombo cha alumini au cha chuma kisichoshika kutu husafishika vizuri. Dumu la plastiki lina mdomo mwembamba, mkono hauingii, na mikwaruzo yake huficha uchafu.
5. Chombo kinaoshwa kwa maji moto na sabuni, kisha kinaanikwa kikielekea chini?
6. Ng'ombe aliyetibiwa ametiwa alama? Tarehe ya sindano imeandikwa? Siku zilizotajwa kwenye chupa ya dawa zimefuatwa?
7. Toka kukamua mpaka kufika kituoni ni muda gani?

Swali la saba watu hulidharau. Kumbuka kwamba vijidudu huongezeka kwa kujigawa. Kwenye joto, kijidudu kimoja kinaweza kuwa viwili katika nusu saa. Viwili huwa vinne, vinne huwa vinane. Baada ya saa 4 kimoja kimekuwa 256. Mfugaji msafi anayechelewa anaweza kushindwa na mwenzake anayewahi.

ULIZA "KWA NINI" MPAKA UFIKE MWISHO

Huko Japani, kampuni ya magari ya Toyota ilieneza desturi ya kuuliza "kwa nini" mara tano kasoro inapotokea. Jibu la kwanza mara nyingi si mzizi. Tuige desturi hiyo. Tuseme mkaguzi wa ushirika amefika kwa mama mmoja ambaye maziwa yake yamekataliwa mara mbili katika wiki.

Mkaguzi: Shikamoo, mama.
Mama: Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja kunifukuza?
Mkaguzi: Hapana, mama. Nimekuja tutafute kasoro. Jumatatu na Alhamisi maziwa yako yalikataliwa. Kwa nini?
Mama: Si mlisema yamechacha?
Mkaguzi: Ndiyo. Kwa nini yalichacha?
Mama: Yalichelewa kufika.
Mkaguzi: Kwa nini yalichelewa?
Mama: Yule kijana wa baiskeli alichelewa kuja kuyachukua.
Mkaguzi: Kwa nini alichelewa siku hizo tu?
Mama: Hee! Jumatatu na Alhamisi ni siku za gulio. Hubeba kwanza mizigo ya watu wa gulio.
Mkaguzi: Kwa nini asibebe maziwa kwanza?
Mama: Mwanangu, hatujapatana naye saa. Tunamlipa kwa mwezi, basi.

Umeona? Kama mkaguzi angeishia kwenye jibu la kwanza, angeandika "mama huyu mchafu" akaenda zake. Kumbe uchafu haukuwapo. Dawa yake ni wenye maziwa wa mtaa ule wapatane na kijana afike saa 12 na nusu asubuhi, siku ya gulio na siku isiyo ya gulio.

KUREKEBISHA NA KURUDI KUANGALIA

Kuona kasoro bila kuirekebisha ni kupoteza muda. Katika daftari la ukaguzi andika mambo matano:

- Kasoro ni nini?
- Mzizi wake ni nini?
- Tutafanya nini?
- Nani atafanya, na lini?
- Tumerudi tarehe ngapi, na tumekuta nini?

Jambo la tano ndilo linalosahauliwa sana. Mkaguzi asiporudi, watu watajua kwamba maneno yake ni ya siku moja tu.

Na adhabu je? Tutenganishe mambo mawili. Asiyejua au aliyepungukiwa na vyombo afundishwe, apewe muda, kisha aangaliwe tena. Lakini anayetia kitu katika maziwa kwa makusudi asimamishwe mara moja. Huyo hana tofauti na wale wa China. Hata maji tu ni hatari. Maji machafu huleta magonjwa ya kuhara, na mtoto anayepewa maziwa ya maji hakui vizuri.

MNUNUZI NAYE AKAGULIWE

Ukaguzi usiende upande mmoja. Kiwanda au ushirika unaotaka maziwa mazuri nao una wajibu wake:

1. Chombo cha kupimia lita kiwe sahihi, na mfugaji aone kinapojaa.
2. Matokeo ya kipimo yaandikwe mbele ya mfugaji, naye apewe nakala.
3. Aliyekataliwa aambiwe sababu, na akiomba kupimiwa mara ya pili apimiwe.
4. Malipo yatoke kwa wakati.
5. Maziwa bora yapate bei bora. Mnunuzi anayelipa bei moja kwa safi na hafifu anawafundisha watu uzembe.

Kumbuka pia kwamba mnunuzi anayebana bei mpaka mfugaji ashindwe kununua chakula cha ng'ombe anajitafutia maziwa ya maji. Kisha atalalamika kwamba watu si waaminifu.

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma na kuandika. Kalamu yako ni chombo cha ukaguzi. Anza na daftari moja. Andika tarehe, lita, namba ya laktomita, na dawa uliyompa ng'ombe. Siku mpokeaji atakapokataa maziwa yako, mfungulie daftari. Kama ameonea, litamwonyesha. Kama kasoro iko kwako, litakuonyesha wewe kabla ya maziwa yale kufika kinywani mwa mtoto wa mtu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini maziwa yaliyochacha ya mtu mmoja ni hasara ya wote?
2. Kipimo cha protini kule China kilidanganywaje?
3. Katika kijiji chetu mali gani hukataliwa mara nyingi? Ulizeni "kwa nini" mpaka mfike kwenye mzizi.
4. Mnunuzi wetu anatimiza mambo mangapi kati ya yale matano?

HESABU

Mtu ana lita 4 za maziwa yanayosoma 30. Ametia lita 1 ya maji. Laktomita itasoma ngapi? Je, yatapokelewa?

Jibu: 4 x 1,030 = 4,120. Ongeza 1,000 = 5,120. Gawanya kwa 5 = 1,024. Laktomita itasoma 24. Hayatapokelewa.

MANENO YA KUKUMBUKA

Malighafi: mali ambayo kiwanda hununua ili kutengenezea bidhaa, kama maziwa au pamba.
Mkaguzi: mtu anayeangalia kama kazi inafanyika inavyotakiwa.
Kasoro: jambo lililopungua au lililoharibika.
Mzizi wa kasoro: sababu ya mwisho kabisa, ambayo ikiondolewa kasoro hairudi.